Ngazi za ndani: kapeti au mbao ya mninga? Tumefika kwenye finishi na nyumbani hatuelewani

Mjengo wa Polepole (mwanzisha uzi)

Wadau wa ujenzi, habari za jioni.

Nyumba yangu ipo Kibada, Kigamboni. Ghorofa moja, nimeanza 2019 kwa kudunduliza, na sasa tumefika kwenye finishi. Kuta zimepigwa skimu, umeme umevutwa, tailizi za chini zimeshalala isipokuwa jikoni. Kinachotunyima usingizi ni ngazi.

Ngazi ni za zege. Zinapanda, zinapata pumziko katikati, zinageuka, zinamalizia juu. Upana ni mita moja. Kwa sasa ni zege tupu, ukipanda bila viatu unyayo unakwaruzika.

Mama watoto anataka kapeti. Ameziona kwenye simu nyumba za huko nje, kapeti la kijivu limeteremka ngazi nzima kama maji, basi hasikii la mtu. Mimi nataka mbao. Nimelelewa kwa baba mdogo Tabora, nyumba ina mlango wa mninga ambao kila nikipita nilikuwa naupapasa, na nilijiapiza nikijenga kwangu nitauweka mahali.

Hoja zake: kapeti halina kelele, mtoto akidondoka haumii sana, na miguu haipati baridi (baridi, Kigamboni!). Hoja zangu: vumbi, usafi, na mbao inadumu.

Halafu kuna bi mkubwa. Mama yangu anahamia kwetu mwezi wa nane akitokea Tunduru. Ana miaka 71 na goti la kushoto halimtii. Chumba chake kiko chini, ila namjua, hatakubali kukaa chini kama mgeni. Atapanda kuangalia wajukuu wamelala vipi.

Tupeni uzoefu, siyo nadharia.

Mkokoto

Weka tailizi tulale.

Kaskazi na Baridi

Mkuu, mimi niko Leeds, Uingereza, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nikueleze hizo nyumba anazoziona shemeji kwenye simu zimekaaje.

Huku ngazi za ndani karibu zote ni za mbao, tena mbao laini, paini. Chini yake ni uwazi, wengi tunaweka humo mashine ya kufagilia, viatu na mabegi. Mtu akipanda usiku unasikia kila hatua, ni kama ngoma. Ndiyo maana wanafunika kapeti: kuua mlio, kuzuia baridi, na kuficha mbao ambayo haikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. Nilipobandua kapeti kwenye nyumba ninayoishi nilikuta pembeni mwa kila kipandio pamepakwa rangi nyeupe na katikati pameachwa mbao tupu. Zamani walikuwa wanaweka ukanda wa zulia katikati tu, kwa hiyo rangi hawakuipoteza kule ambako hakuonekani.

Zege lako halipigi ngoma. Sababu ya kwanza ya kapeti kwako haipo. Ya pili ni baridi, na hiyo umeshaicheka mwenyewe.

Mama Tupendane

Mimi nilikuwa nalo. Mbezi Beach, miaka minne, kapeti la rangi ya maziwa. Naomba msinicheke.

Mwaka wa kwanza ni raha tupu. Unapanda hata hujisikii. Mwaka wa pili ukaanza mstari mweusi katikati ya kila kipandio, pale mguu unapotua, na pembeni bado jipya. Pua ya kipandio, ile ncha ya mbele, ndiyo iliyochakaa kwanza kabisa, nyuzi zikalala, kisha zikatoka. Ukiangalia kutoka chini unaona ngazi yenye meno.

Usafi: tailizi nadeki dakika kumi nimemaliza. Kapeti lazima uburute mashine ngazi hadi ngazi huku waya unakunasa miguu, na umeme ukikatika uko kipandio cha saba unabaki umekaa hapohapo. Brashi ya mkono nayo inahamisha vumbi kutoka kwenye kapeti kwenda puani. Mwanangu wa pili ana pumu. Daktari aliponiuliza kuhusu mazulia na mapazia ndipo nilipojua kuna utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, na kwamba hewa ya unyevunyevu kama yetu ndiyo wanayoipenda.

Siku tuliyolitoa ndiyo sitaisahau. Fundi alivuta kona ya chini, sponji la chini likabaki limeng'ang'ania zege, jeusi, lina harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Juu hatukuwahi kuona koga hata punje.

Mzaramo Asilia

Na ukinunua la sufu ndiyo umewaalika nondo. Nondo mdudu jamani, siyo za milimita 12.

Limuru Ukungu

Wakuu, salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Limuru mwezi wa saba ni baridi kali, ukungu mpaka saa nne asubuhi, lakini hata sisi wengi ngazi ni mbao au teraso. Kapeti tunaweka vyumbani. Kwenye ngazi linachoka haraka sana kwa sababu uzito wote wa mtu unatua sehemu moja ndogo, tena kwa kisigino wakati wa kushuka.

Mbao nzuri huku ghali. Mvule mwingi tunaouona madukani unatoka Kongo. Nyinyi wenye mninga mnachezea bahati.

Seremala Mstaafu

Vijana, nimeshika randa toka mwaka 1983, nimeanzia Keko. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, mikono bado. Nizungumzie mbao, kapeti nawaachia wenyewe.

Mninga unafaa. Sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hauchezi. Haupanuki na kusinyaa sana kama mbao nyingine, kwa hiyo viungo havifunguki. Kwa ukavu huo unavumilia pwani. Mkongo ni mgumu zaidi na mzito zaidi, kwa ngazi ni bora hata kuliko mninga, ila utaua visu vya mashine. Mvule mzuri, lakini ndani una mawe. Nasema mawe kweli, vipande vyeupe vigumu ambavyo mti wenyewe unavitengeneza, msumeno ukikutana navyo unatoa cheche. Msaji, au tiki kama mnavyoita, wa Longuza kule Muheza au wa Mtibwa, mzuri na mchwa hawautaki, lakini una mafuta. Usipoufuta kwa thina kabla ya gundi na vanishi, vanishi itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Sasa makosa. La kwanza ni mbao mbichi. Mtu ananunua Buguruni Jumamosi, Jumatatu fundi anapiga randa, Ijumaa imeshafungwa. Baada ya miezi mitatu ngazi inalia kila ukikanyaga. Hewa ya pwani inaifanya mbao itulie kwenye unyevu wa kama asilimia 13 mpaka 15. Ikija na 25 itasinyaa ikiwa mikononi mwako. Tafuta fundi mwenye kipimo cha sindano mbili, kinachomwa kwenye mbao na kusoma hapohapo. Akikwambia anajua kwa kunusa, mshukuru, mwambie alete kipimo.

La pili ni ubao mpana mmoja. Kipandio chako nadhani kina sentimita 28 au 30. Ubao mmoja wa upana huo utajikunja kama kigae cha paa. Upasuliwe vipande vya sentimita nane au kumi, vigeuzwe, mmoja upande wa moyo wa mti juu na wa pili upande huo chini, viunganishwe kwa gundi. Mteja akiona viungo anadhani ameibiwa. Hujaibiwa, umeokolewa.

La tatu, mbao nyeupe ya pembeni. Mninga halali ni ule wa ndani, wa hudhurungi yenye mistari. Ule weupe wa nje ni chakula cha bungua. Wapo wanaoupaka rangi ukafanana. Wapo pia wanaopaka mkaratusi na kuuita mninga. Kwaruza kwa kucha chini ya ubao, siyo juu. Mninga wa kweli una harufu yake, na mti wake ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Na muulize muuzaji hati ya kusafirishia mbao na risiti za Misitu, TFS. Kukuta lori limezuiwa geti la ukaguzi na mbao zako ndani siyo jambo la kusimuliwa.

Mkokoto

Kumbe kuna shule hapa. Ila bado, tailizi.

Rula na Timazi

Mjengo, mimi ni fundi mkuu wa saiti, siuzi mbao wala kapeti. Naona watu wanakujibu swali kabla ya kujua ngazi ikoje.

Chukua futi ya chuma. Pima kila kimo, kutoka uso wa kipandio kimoja hadi uso wa kinachofuata. Vyote, usiruke. Anza na kile cha kwanza kinachotoka kwenye tailizi za chini. Halafu muulize fundi tailizi wako sakafu ya juu itapanda sentimita ngapi kutoka kwenye zege. Rudi hapa na namba.

Mjengo wa Polepole

Mkuu Rula, nimetoka kupima sasa hivi, mama watoto ameshika tochi.

Jumla ni vimo 18, tisa chini ya pumziko na tisa juu. Karibu vyote ni sentimita 17, viwili vitatu vina 16.8 na 17.2. Kina cha kipandio, mbele hadi nyuma, ni 28. Cha kwanza kabisa kutoka kwenye tailizi za chini ni 12. Nilidhani nimekosea, nimepima mara tatu.

Fundi tailizi anasema juu ataweka sakafu ya saruji na tailizi, jumla sentimita 5, kama alivyofanya chini.

Rula na Timazi

Hujakosea. Na aliyemwaga zege hakukosea, amemwaga vizuri sana. Vimo 17, kina 28: ukichukua kimo mara mbili ukaongeza kina unapata 62. Hiyo kanuni ni ya tangu karne ya 17, ya Mfaransa François Blondel, na hadi leo ngazi inayomfaa mtu mzima inaangukia kwenye 60 hadi 64 hivi. Tatizo lako limezaliwa baada ya zege. Sakafu ya chini imepanda sentimita 5, vipandio havijapanda. Kwa hiyo kimo cha kwanza kimemezwa.

Sasa weka kapeti. Kapeti na sponji lake ni kama sentimita 1.2. Kimo cha kwanza kinakuwa 13.2. Vya katikati vinabaki 17, kwa sababu kila kimoja kimepanda sawasawa na jirani yake. Cha mwisho, kwa kuwa juu sakafu itapanda 5 na kipandio kimepanda 1.2 tu, kinakuwa 20.8. Na kama pumziko utaliwekea tailizi, cha kuingilia nacho kitakuwa 20.8 na cha kutokea 13.2. Yaani ngazi moja yenye vimo vya aina tatu.

Weka mbao ya sentimita 3 moja kwa moja juu ya zege: 15, kisha 17, kisha 19. Afadhali, bado mbaya.

Weka plasta ya kusawazisha sentimita 2, juu yake mbao ya 3. Jumla 5, sawa na sakafu zako. Kila kimo 17. Pumziko nalo 5. Kwisha.

Mguu wa binadamu hauangalii ngazi. Unapima kimo cha kwanza na cha pili, baada ya hapo unajiendea wenyewe kwa mazoea huku macho yako kwenye simu au kwa mtoto. Ukibadilishiwa kimo cha mwisho kwa sentimita karibu nne, ncha ya kidole inagonga. Kushuka ni vibaya zaidi, unakanyaga hewa. Mama wa miaka 71 mwenye goti bovu hatadondoshwa na kapeti wala na mbao. Atadondoshwa na hicho kimo cha 20.8.

Mzaramo Asilia

Rula umetisha. Nimeinuka kwenda kupima za kwangu usiku huu. Cha mwisho 21. Sasa najua kwa nini kila mgeni anajikwaa palepale na sisi tunamwambia pole.

Bi Kikuta

Nami nichangie kidogo. Mie niko Unguja, Mji Mkongwe, nyumba ya urithi. Ngazi zetu zimesimama kama unaparamia mnazi, na hakuna kipandio kilichofanana na mwenzake. Sisi tuliozaliwa humo twashuka gizani na sinia la chai mkononi. Lakini kila harusi, kila hitima, hapakosi mtu aliyeteguka, na siku zote ni mgeni. Marehemu bibi alikuwa amefunga kamba nene ya meli ukutani, kutoka chini hadi juu, na kila anayeingia alikuwa akimwambia, shika kamba kwanza, salamu baadaye.

Huyo mama yenu kwenye nyumba mpya ni mgeni hata kama ni nyumba ya mwanawe. Mwekeeni cha kushika, na kiwe upande wote wawili. Goti la kushoto likiuma kupanda utashika kulia, na kushuka huo mkono utakuwa upande wa pili.

Kaskazi na Baridi

Hilo la Bi Kikuta niliongeze: reli ianze kabla ya kipandio cha kwanza na iendelee kidogo baada ya cha mwisho. Na kama mna watoto wadogo, nafasi kati ya nguzo na nguzo ya reli huku hairuhusiwi kupitisha mpira wa sentimita 10. Kichwa cha mtoto kikipita, kutoka ni kazi nyingine.

Seremala Mstaafu

Rula amenifundisha kitu leo na umri huu. Nimefunga ngazi nyingi za mbao juu ya zege na nilikuwa naona kimo cha mwisho kimekuwa kirefu, nasema hiyo ni kazi ya mwashi. Mwashi naye akasema ni kazi ya seremala.

Ila hiyo plasta ya sentimita 2 isubiriwe. Saruji ikinyonya maji haiyaachi upesi. Hesabu ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila inchi, na hapo masika yawe yamepita. Kata kipande cha nailoni, upana wa nusu mita, kibandike juu ya plasta kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache usiku kucha. Asubuhi ukiona matone kwa chini, ondoka, rudi wiki ijayo. Ukifunga mbao juu ya maji, maji yatapanda, vanishi itageuka nyeupe kama ukungu kwenye kioo na mbao itanyanyuka.

Mama wa Watatu

Habari zenu. Mimi ndiye huyo mama watoto ninayesemwa humu kama mtuhumiwa. Nimesoma uzi wote, na ndiye niliyeshika tochi.

Mume wangu amewaambia nimeona picha kwenye simu. Kweli nimeziona. Hakuwaambia kwamba nikiwa na mimba ya miezi saba ya mtoto wetu wa kwanza nilianguka kwenye ngazi za tailizi, nyumba ya kupanga. Kandambili zilikuwa na maji ya bafuni. Niliteremka vipandio vitano kwa makalio. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini ule mlio wa kandambili kuteleza nausikia hadi leo nikiona kitu kinang'aa kwenye ngazi. Na yeye anataka mninga wenye vanishi unaojionea sura.

Sijali kapeti. Nataka kisichoteleza.

Mkokoto

Dada nisamehe. Ya tailizi nayafuta.

Mjengo wa Polepole

Nilikuwepo siku ile. Sijui kwa nini sikuunganisha mambo haya mawili. Nimeomba radhi nyumbani, naomba na hapa.

Seremala, Rula, vipi mbao isiteleze?

Seremala Mstaafu

Binti, mwanangu, uko sahihi kuliko sisi wote.

Usikubali vanishi ya kung'aa kwenye ngazi. Ipo isiyong'aa, na inauzwa hapahapa. Msasa usiishie laini mno. Kwa meza napiga namba 80, 120, 180, kisha 240. Kwa ngazi naishia 150, uso unabaki na ukali kidogo ambao mkono hauusikii lakini unyayo unausikia. Halafu karibu na pua ya kila kipandio nachonga mifereji mitatu ya milimita tatu tatu, kutoka upande hadi upande. Kidole kinaisoma hata gizani. Ukitaka zaidi, uipake mifereji hiyo vanishi iliyochanganywa unga mkali wa kuzuia utelezi, ile sehemu tu, siyo kipandio kizima, maana utakwangua magoti ya watoto.

Pua isizidi sentimita mbili na nusu kutoka kwenye kifua cha kipandio, ule uso wake wa wima, na iwe ya mviringo. Ikitokeza sana, mtu mwenye goti zito ananasa ncha ya kiatu wakati wa kupanda.

Kaskazi na Baridi

Na mkitaka mambo yote mawili: ukanda wa kapeti katikati, upana wa sentimita 70, mbao inaonekana 15 kila upande. Huku unabanwa kwa fimbo za shaba kwenye kona ya kila kipandio. Manyoya yalale kuelekea chini, papasa kwa kiganja, uelekeo ulio laini ndio unaoshuka. Mafundi wa zamani walikuwa wanaacha urefu wa ziada umekunjwa juu, kila baada ya muda wanausogeza ili pua isikanyagwe mahali palepale.

Rula na Timazi

Kaskazi, napinga. Ukanda mzuri siku ya kwanza. Fimbo moja ikilegea, una kitambaa kinachotembea juu ya ngazi, na hicho ni hatari kuliko mbao tupu. Kwetu nani atakagua fimbo 17 kila mwezi?

Kaskazi na Baridi

Hapo sina jibu. Hata za kwangu mbili zimelegea.

Mama wa Watatu

Mbao yenye mifereji, reli mbili. Nimekubali. Kandambili za bafuni zitabaki bafuni, hilo ni sheria yangu na halijadiliwi humu.

Rula na Timazi

Neno la mwisho kwa fundi tailizi wa juu. Kata kijiti cha sentimita 17 kamili, kisipungue wala kuzidi. Kila kipandio kikisawazishwa, kisimamishe kijiti ukutani pale pembeni. Usimwamini fundi anayesema "hapo ipo". Kijiti hakina aibu.

*

Mjengo wa Polepole (baada ya miezi mitano)

Wadau, nimerudi.

Plasta tuliimwaga mwisho wa mwezi wa tano, mvua zilipokatika. Nailoni ya kwanza ilikuwa na matone kama chupa ya soda. Ya pili, wiki tatu baadaye, ukungu kidogo pembeni. Ya nne ikatoka kavu, mwezi wa saba katikati. Mama watoto ndiye aliyekuwa anabandua, mimi nilikatazwa kwa sababu nasema kavu kabla sijaangalia.

Mninga ulikuja na 19 kwenye kipimo. Muuzaji aliapa umekaa mwaka mzima. Tuliulaza chumba cha juu madirisha wazi, vijiti katikati ya ubao na ubao, ukashuka hadi 14. Seremala, ningefunga siku ile ulipofika ningekuwa nalia sasa.

Fundi tailizi wa juu alitaka kuweka sakafu ya sentimita 7 kwa sababu zege lilikuwa na bonde. Nilisimama na kijiti. Tulibishana nusu saa, mwisho akachonga kidogo upande wa mlango wa ngazi na akaacha mteremko uishie chumbani. Kipandio kimoja tu, cha kumi na mbili, kilitoka 17.6 na tukakirudia. Wajukuu wa jirani walikichukua kijiti wakakifanya gari.

Mifereji imekaa vizuri. Vumbi linaingia humo, ukweli lazima usemwe, inabidi mswaki wa zamani kila Jumamosi. Na mbao ina mlio kidogo kipandio cha nne, Seremala nitakutafuta.

Bi mkubwa amechelewa, ameingia mwezi wa tisa. Siku mbili za mwanzo hakupanda. Ya tatu nilikuwa sebuleni nikasikia kimya kirefu, nikatoka. Alikuwa kipandio cha tano, ameshika reli kwa mkono mmoja, ameinama anapapasa mbao kwa mwingine, vidole vinafuata mistari. Nikamuuliza kama goti linamsumbua. Akasema, "Huu si mtumbati?" Nikamwambia ndiyo, mama, mninga. Ule ule mnaouita mtumbati kwenu.

Akaniangalia kama nimekojoa kisimani. "Mti wa kutengenezea mlango, nyie mnaukanyaga?"

Amevua kandambili zake, ameziacha chini ya ngazi, na tangu siku hiyo anapanda pekupeku. Sasa kila mgeni akija anaambiwa avue.

Mama wa Watatu

Hata mimi nimeambiwa.

Mkokoto

Mngeweka tailizi angepanda na viatu. Natania dada, natania.